Kurekebisha DD 214 ya askari wa akiba wa Marekani ukiwa Moshi: jina, tarehe ya kuzaliwa, kisanduku cha 24

Kiboriloni_Dada (Moshi)

Habari za leo wadau. Naomba msaada wa wanaoyajua makaratasi ya jeshi la Marekani. Kaka yangu alitumikia Jeshi la Akiba la nchi kavu la kule kuanzia 2012 mpaka 2020, sasa yuko nyumbani Moshi. Ana hati tatu: DD 214 (hati ya kuondoka kazini) ya mafunzo (8 Oktoba 2012 hadi 12 Machi 2013), DD 214 ya kuitwa kazini (10 Januari 2014 hadi 20 Desemba 2014), na cheti cha kuachishwa kwa heshima, DD 256, alichopewa alipomaliza miaka yake minane.

Makosa tunayoyaona ni haya. DD 214 ya kwanza kisanduku cha 24 (sifa ya utumishi) kimeandikwa UNCHARACTERIZED, na kila ofisi anakopeleka wanamuuliza alifukuzwa kwa nini, wakati mafunzo alimaliza vizuri. Ya pili haitaji Afghanistan popote, na alikuwa huko tangu 15 Februari hadi 8 Novemba 2014. Kwenye hiyohiyo ya pili, utumishi wa nyuma umewekwa sifuri. Majina hayafanani: ya kwanza jina la mwisho ni la baba, ya pili ni la ukoo. Na tarehe ya kuzaliwa ni 4 Julai 1988 kwenye ya kwanza, 7 Aprili 1988 kwenye ya pili.

Maswali yangu: lazima aende ubalozini Dar? Mimi naweza kumwekea saini maana yeye anasafiri sana? Kuna mtu mjini anataka dola 600 "kufuatilia", ni halali?

Tengeru77

Dada, kwa haraka haraka: ubalozi ndio mahali pake. Wapeleke hati zote, wao watazituma Washington.

Faili_Kamili (Arusha)

Tengeru77, hapana mkuu. Ubalozi haurekebishi kumbukumbu za jeshi wala hauzipokei kwa niaba ya jeshi. Utakachopata pale ni muhuri wa mthibitishaji kwa dola 50 kila muhuri, na kwa jambo hili wala hauhitajiki.

Dada Kiboriloni, kabla ya kujaza fomu yoyote tafuta kosa limezaliwa kwenye karatasi gani. DD 214 haiandikwi kutoka kichwani. Karani wa kituo cha kuondokea anainakili kutoka kwenye mkataba wa kuandikishwa (DD 4), fomu ya maelezo ya kuandikishwa (DD 1966), amri za kuitwa kazini, na vyeti vya tuzo na mafunzo. Kama DD 4 iko sahihi na DD 214 imekosewa, hilo ni kosa la kunakili. Linarekebishwa kiofisi na unapewa DD 215, karatasi ndogo inayosema kisanduku fulani kisomeke hivi badala ya vile. Kama DD 4 yenyewe ina kosa, basi DD 214 imenakili sawasawa kilichokuwepo, hapo hakuna karani wa kulaumiwa, unaenda kwenye bodi ya jeshi ya kurekebisha kumbukumbu. Watu wengi wanakwama hapa. Wanatuma cheti cha kuzaliwa peke yake, wanajibiwa kwamba hati inalingana na kumbukumbu, wanadhani wamekataliwa kwa ubaguzi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuomba faili lote, si DD 214 tu. Fomu ni SF 180. Aandike kwamba anaomba faili zima la utumishi pamoja na DD 4, amri zote na taarifa ya pointi za akiba, DA 5016. Akiandika "naomba DD 214" atapewa DD 214 hiyohiyo aliyonayo. SF 180 inapelekwa kituo cha kumbukumbu cha St. Louis, 1 Archives Drive, St. Louis, Missouri 63138, kwa posta au faksi, au anaomba kwa mtandao kupitia eVetRecs. Njia ya mtandao inataka kuthibitisha utambulisho kwanza, na laini ya simu ya +255 mara nyingi ndiyo inayokwamisha. Ikikwama asipoteze wiki mbili kuhangaika nayo. Achapishe fomu, aisaini kwa kalamu, aweke tarehe, aitume.

Kuhusu saini: yuko hai na ana akili zake, kwa hiyo anasaini mwenyewe. Wewe unaweza kumwandalia kila kitu, kumpangia vielelezo, kumjazia kwa kompyuta. Saini yako haina nguvu hapo bila hati ya uwakilishi. Na hizo dola 600, msitoe. SF 180 ni bure, DD 149 (fomu ya ombi kwa bodi hiyo) ni bure, DD 293 (fomu ya kuomba uachishwaji upitiwe upya) ni bure. Mashirika ya maveterani kama American Legion, VFW na DAV yana wawakilishi wanaosaidia bila malipo, hata kwa barua pepe.

Mlima_Mweupe (Moshi)

Naongezea kwenye kisanduku cha 24, kwa sababu kinawaumiza askari wa akiba wengi na ni rahisi kuliko wanavyofikiri.

UNCHARACTERIZED maana yake utumishi haukupewa sifa, nzuri wala mbaya. Ni neno la mtu aliyeondoka akiwa bado mgeni jeshini. Askari wa akiba anapomaliza mafunzo ya awali "anaachiliwa kutoka kazini" arudi kwenye kikosi chake cha nyumbani, na kwa miaka mingi makarani waliwawekea neno hilo hata waliofuzu. Anayeisoma hati hiyo nje ya jeshi anaona kama mtu alishindwa mafunzo. Kanuni ya jeshi la nchi kavu ya kuandaa hati hizi, AR 635-8, inasema askari wa akiba aliyemaliza mafunzo ya awali kwa mafanikio anaandikiwa HONORABLE, isipokuwa mwenye mamlaka ya kumwachilia ameelekeza vinginevyo. Bodi ya kurekebisha kumbukumbu imekuwa ikilibadilisha neno hilo kwa waombaji wa namna hii, wakati mwingine kama marekebisho ya pembeni kwa mtu aliyekuja kuomba jambo lingine kabisa.

Ushahidi wa kutosha hapa ni mdogo. Angalia kisanduku cha 11 cha hati hiyohiyo: kama kuna namba na jina la fani aliyofuzu, tayari hati yenyewe inashuhudia kwamba alimaliza. Ongeza cheti cha kuhitimu au taarifa ya kozi, DA 1059 kama ipo, na amri iliyompa fani. Halafu angalia kisanduku cha 18: kinatakiwa kuwa na sentensi isemayo kwamba askari alikamilisha kipindi alichoitiwa kazini, kwa ajili ya stahili za baada ya utumishi. Kama haipo, iombe hapohapo. Usifungue maombi mawili kwa hati moja.

Jambo lingine, hakikisha mnayoitumia ni nakala ya namba 4. DD 214 hutoka nakala kadhaa. Ya namba 1 haina visanduku 23 hadi 30, yaani sababu ya kuondoka na sifa ya utumishi hazionekani. Ofisi nyingi zinarudisha nakala ya namba 1 na mtu anadhani hati yake ni batili. Namba iko chini kabisa pembeni.

Kiboriloni_Dada

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimempigia kaka, DD 4 anayo nakala. Humo jina la mwisho ni la baba, tarehe ya kuzaliwa ni 4 Julai. Anasema alipata uraia wa Marekani 2013, na kwenye cheti cha uraia ndipo jina la ukoo lilipoingia rasmi. Sasa tunaomba zote mbili zisomeke la ukoo, au tufanyeje?

Faili_Kamili

Vizuri, hapo mambo mawili yamejifungua yenyewe.

Jina: DD 214 ya kwanza haina kosa. Tukiweka mfano wa kubuni, kijana anaitwa Anael Elisante Mushi. Aliandikishwa 2012 kama ELISANTE, ANAEL M. Machi 2013 alikuwa bado anaitwa hivyo jeshini, na hati ikamwandika hivyo. Akala kiapo cha uraia kwa jina la MUSHI, ANAEL E, kikosi kikabadilisha, hati ya 2014 ikaja na jina jipya. DD 214 ni picha ya siku ile uliyoondoka. Jina likibadilika baadaye, hata kwa ndoa au mahakama, hawarudi nyuma kuichora upya, na bodi kwa kawaida hukataa maombi ya namna hiyo yasipoonyesha kwamba mtu anadhulumika. Mkiliweka ombi hili juu mtalichafua lile la maana. Dawa yake ni kuambatanisha nakala ya cheti cha uraia, pamoja na amri ya mahakama ya kubadili jina kama anayo, kila anapotumia ile hati ya kwanza. Idara ya maveterani wamelizoea hili. Wanachotaka ni mnyororo wa majina usiokatika.

Tatizo hili lina sura yake huku kwetu. Mchaga au Mmeru ana jina lake, la baba na la ukoo, na kwenye vyeti vya shule mara nyingi la ukoo halimo. Fomu ya Marekani inaanza na jina la mwisho. Karani anachukua lililo mwisho kwenye karatasi aliyopewa siku hiyo. Kama mtu ana cheti cha kuzaliwa chenye majina mawili na cheti cha shule chenye matatu, na hakuna badiliko lolote la kisheria katikati, hapo kiapo cha majina mbele ya wakili kinasaidia kuonyesha kwamba ni mtu mmoja. Kiapo hakibadilishi jina. Cha kubadili jina ni hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Nimeona watu wanapeleka kiapo cha elfu chache wakidhani kinafanya kazi ya vyote viwili.

Tarehe ya kuzaliwa: hili ni kosa halisi na la kunakili. Kisanduku cha 5 kinaandikwa mwaka, mwezi, siku, bila alama katikati. 4 Julai 1988 ni 19880704. Hati ya pili bila shaka inasomeka 19880407. Mtu alisoma 04/07/1988 ya cheti cha Kitanzania kwa macho ya Kimarekani, mwezi kwanza. Kwa kuwa DD 4 ina tarehe sahihi, weka DD 4 mbele kama kielelezo cha kwanza, DD 214 ya 2013 cha pili, cheti cha kuzaliwa cha RITA cha tatu. Mpangilio una maana: wanaamini karatasi zao wenyewe kabla ya zetu.

Cheti cha RITA kama kimeandikwa kwa Kiswahili, au mna cheti cha ubatizo tu, wekeni tafsiri ya Kiingereza iliyosainiwa na mtafsiri akithibitisha kwamba anazijua lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni kamili. Aitafsiri mihuri pia.

Mlima_Mweupe

Turudi kwenye Afghanistan maana ndiyo yenye uzito. Visanduku vinavyohusika ni vitatu na vyote lazima vitajwe kwa namba.

Cha 12f, utumishi nje ya nchi. Kutoka 15 Februari hadi 8 Novemba 2014, ukihesabu mwezi kuwa siku 30 na siku ya kwanza na ya mwisho zote ndani, ni miezi 8 na siku 24. Cha 18, maelezo: iwepo sentensi inayotaja nchi na tarehe mbili, kwa mtindo uleule wa 20140215 hadi 20141108. Cha 13, tuzo: Medali ya Kampeni ya Afghanistan, ambayo sharti lake ni siku 30 mfululizo au 60 zisizo mfululizo ndani ya nchi ile, kwa hiyo yeye amelivuka mbali.

Ushahidi wenye nguvu ni amri za kupelekwa zinazotaja Afghanistan kwa jina. Shida ni kwamba amri nyingi za kuitwa kazini zinasema tu jina la operesheni na kambi ya kukusanyikia huko Marekani. Hapo bodi inasema hatujaona kwamba alifika. Basi tafuta hati zake za mshahara za kila mwezi, LES. Ndani yake kuna mstari wa malipo ya hatari, dola 225 kwa mwezi, na msamaha wa kodi ya eneo la vita. Mishahara ya Machi hadi Oktoba ikiwa na mistari hiyo inaonyesha alikuwa eneo la hatari miezi hiyo. Haitaji nchi, kwa hiyo iungane na karatasi inayotaja nchi: taarifa ya tathmini ya askari, cheti cha tuzo aliyopewa akiwa huko, kumbukumbu za zahanati ya kambi. Barua ya mkuu wake wa kikosi ni nyongeza nzuri, ila isisimame peke yake.

Cha 12d, utumishi wa kazini wa nyuma. Mafunzo ya 8 Oktoba 2012 hadi 12 Machi 2013 ni miezi 5 na siku 5. Hicho ndicho kinachotakiwa kuwa kwenye 12d ya hati ya pili, badala ya sifuri. Hili hutokea kwa sababu karani wa 2014 hakuiona DD 214 ya mafunzo. Mtu alifika na begi, hati yake iko kabatini nyumbani. Mkiwa hapo kagueni na 12c: 10 Januari hadi 20 Desemba 2014 iwe miaka 0, miezi 11, siku 11. Ikitofautiana kwa siku moja, mara nyingi ni mtu aliyesahau kuihesabu siku ya kwanza.

Na DA 5016 msiipuuze. Askari wa akiba hupata pointi 15 kila mwaka kwa kuwemo tu, pointi moja kwa kila kipindi cha mazoezi (wikendi ya kawaida ni vipindi vinne), na pointi moja kwa kila siku ya kazini. Mwaka mzuri ni pointi 50 au zaidi, na pensheni ya akiba inataka miaka mizuri 20. Kaka yako na miaka minane hatafika huko asiporudi jeshini. Hata hivyo siku za Afghanistan zikiwa zimekosekana kwenye DA 5016 pia, ujue kosa liko kwenye chanzo, na DD 215 peke yake haitaliponya.

Tengeru77

Nimewaelewa, na niwie radhi dada kwa jibu la mwanzo. Naomba kuuliza la jirani: kuna kijana wa huku Tengeru aliachishwa akiba 2016 kwa "kutoshiriki", sifa ikawa ile mbaya, chini ya heshima. Hana DD 214 ya kuachishwa, ana amri ya ukurasa mmoja tu. Anarekebisha karatasi gani?

Mlima_Mweupe

Swali zuri. DD 214 hutolewa kwa siku za kazini: askari wa akiba aliyekaa kazini siku 90 au zaidi mfululizo, au aliyemaliza mafunzo ya awali yaliyompa fani hata kama ni chini ya hapo. Wikendi za mazoezi hazizai DD 214. Anayeachishwa akiwa kwenye wikendi za kawaida anaachishwa kwa amri. Mwenye heshima kamili huambatanishiwa DD 256, wa sifa ya kawaida DD 257, na wa chini ya hapo anabaki na amri pekee. Kwa hiyo kinachorekebishwa ni hiyo amri.

Ombi lake pia ni la aina nyingine. Kaka wa dada anasema karatasi haikuandika kilichotokea. Huyu anasema waliandika kilichotokea lakini hukumu haikuwa ya haki. Anatumia DD 293 kwenda bodi ya kupitia uachishwaji, na ana miaka 15 tangu tarehe ya amri. Aliyeachishwa 2016 ana hadi 2031. Miaka 15 ikipita, au bodi hiyo ikimkatalia, anahamia DD 149.

Kanuni ya kutoshiriki, AR 135-91, inahesabu vipindi tisa vya kukosa bila ruhusa ndani ya mwaka. Kumbuka wikendi moja ni vipindi vinne. Aliyekuja Arusha kwenye msiba akakosa wikendi mbili ana vinane, na kipindi kimoja cha wikendi ya tatu kinamfikisha. Aombe fomu za mahudhurio, DA 1379, azihesabu moja moja. Halafu aangalie barua: kikosi kilitakiwa kumwandikia kuhusu kukosa kwake, na kumjulisha kwamba wanakusudia kumwachisha, kwa barua ya rejesta kwenye anwani ya mwisho waliyokuwa nayo. Je, barua zilirudi? Alishawapa anwani mpya kwa maandishi? Kama alitoa taarifa ya anwani na barua zikaenda ya zamani, hiyo ndiyo hoja yake kubwa. Kama hakutoa, asiseme alitoa. Ajenge hoja kwenye sababu ya kukosa: cheti cha kifo cha mzazi, tiketi za ndege, vyeti vya hospitali, ujumbe aliomtumia sajenti wake.

Na kama alipata uraia kupitia utumishi wa jeshi, alichukulie jambo hili kwa uzito. Sheria inaruhusu uraia huo kufutwa kwa mtu aliyeachishwa chini ya masharti yasiyo ya heshima kabla hajatimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima. Atafute mwanasheria wa uhamiaji wa kule kabla hajatuma karatasi yoyote inayoeleza mambo hayo.

Sanya_Juu

Na kama askari ameshafariki? Mjane yuko huku, watoto wako huku.

Faili_Kamili

Pole kwa familia. Mjane ambaye hajaolewa tena, watoto, wazazi na ndugu wa tumbo moja wanaruhusiwa kuomba faili kwa SF 180, waweke uthibitisho wa kifo. Kwenye DD 149 anayesaini ni ndugu huyo au mwakilishi wa kisheria, na anaambatanisha cheti cha kifo pamoja na kinachoonyesha uhusiano: cheti cha ndoa au cha kuzaliwa. Ndoa ikiwa ya kimila bila cheti, jitayarisheni kwa maswali mengi. Kifo kilichotokea hapa Tanzania, kibali cha mazishi hakitoshi, kasajilini mpate cheti cha RITA kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya.

Niseme pia kwa wanaosoma wakiwa na askari wa Gadi ya Taifa (National Guard). Hao wana NGB 22 ya kuondoka kwenye Gadi ya jimbo lao. Hiyo inarekebishwa na ofisi ya makao makuu ya Gadi ya jimbo husika, na karatasi ya marekebisho inaitwa NGB 22A. Anzeni jimboni.

Kiboriloni_Dada

Shukrani nyingi. La mwisho jamani: DD 149 tunaijazaje, na tunaipeleka wapi? Amepata hati hizi tangu 2013 na 2014, nimesikia kuna ukomo wa miaka mitatu.

Faili_Kamili

Ukomo ni miaka mitatu tangu kosa lilipogunduliwa. Bodi ina uwezo wa kuusamehe kwa ajili ya haki. Kwenye fomu kuna sehemu ya tarehe ya kugundua na sehemu ya kueleza kwa nini asikilizwe ingawa muda umepita. Aandike ukweli. Kama kisanduku cha 24 alikiona siku hiyohiyo lakini maana yake aliijua alipoulizwa na ofisi mwaka fulani, aandike hivyo, na aambatanishe barua ya ofisi hiyo kama anayo. Makosa yanayoonekana wazi kwenye karatasi za jeshi lenyewe ndiyo husamehewa kwa urahisi.

Kwenye sehemu ya ombi asiandike hadithi. Aandike mstari kwa mstari, kwa Kiingereza, kwa mtindo huu: DD 214 ya tarehe 12 Machi 2013, kisanduku cha 24, ondoa UNCHARACTERIZED weka HONORABLE, tazama kielelezo A na B. DD 214 ya tarehe 20 Desemba 2014, kisanduku cha 5, ondoa 19880407 weka 19880704, tazama kielelezo C. Hivyo hivyo kwa 12d, 12f, 13 na 18. Kila kielelezo kipewe herufi juu kulia, na sentensi inayohusika izungushiwe mstari kwenye nakala. Anayelisoma faili lako ana mafaili mengi, asilazimike kutafuta.

Maelezo yake binafsi yasihitaji safari ya Dar. Sheria ya Marekani, Sura ya 28 kifungu cha 1746, inakubali tamko lisilo na muhuri hata likisainiwa nje ya Marekani, ili mradi linasema kwamba anatamka chini ya adhabu ya kusema uongo, kwa sheria za Marekani, kwamba yaliyoandikwa ni kweli, kisha tarehe na saini. Yale maneno "kwa sheria za Marekani" ndiyo yanayosahaulika, na kwa aliyesainia nje ndiyo sharti lenyewe.

Kwa jeshi la nchi kavu anatuma kwa mtandao kupitia ACTSOnline, au kwa posta: 251 18th Street South, Suite 385, Arlington, Virginia 22202-3531. Wanamaji, marine na anga wana bodi zao na anwani zao ziko kwenye fomu yenyewe. Yale ya kunakili tu, kama tarehe ya kuzaliwa, mara nyingi wapokeaji huyatoa pembeni yakarekebishwa kiofisi bila kusubiri bodi. Yanayopanda bodini ni ya kungoja: sheria inawataka wamalize sehemu kubwa ya maombi ndani ya miezi 10 na yote ndani ya 18. Wakikataa, ombi la kufikiriwa upya linapokelewa wakati wowote, mradi lina ushahidi ambao hawakuwahi kuuona. Kurudisha karatasi zilezile hakufungui faili.

Mlima_Mweupe

Dada, mambo ya steshenari, maana huku ndiko maombi mazuri yanakoharibikia.

Fomu za DD ukizifungua kwenye kivinjari zinaonyesha ujumbe wa kusubiri tu. Hazijaharibika. Zipakue kwanza, uzifungue kwa Adobe Reader kwenye kompyuta, si kwenye simu. Karatasi ya Marekani ni milimita 216 kwa 279, yetu ya A4 ni 210 kwa 297. Ukichapa bila kumwambia kijana wa steshenari apunguze ienee kwenye ukurasa, milimita za pembeni zinakatwa, na kwenye DD 214 ndiko namba za visanduku vya kushoto ziliko. Skani kwa 300 dpi, rangi nyeusi na nyeupe inatosha kwa karatasi zao, ila vyeti vya RITA viwe na rangi mihuri ionekane. Picha za simu zenye kivuli cha mkono msitume.

Namba yake ya hifadhi ya jamii ya Marekani iwe kwenye fomu tu. Kwenye vielelezo vingine ifunikeni msije mkaiacha kwenye kompyuta ya watu, na mkimaliza futeni faili kwenye mashine na kwenye flashi.

Anwani ya majibu: S.L.P. ya Moshi inafanya kazi, lakini andikeni jina la mwenye sanduku kama si lake, na barua pepe ambayo ataifungua miezi 12 ijayo. Akibadili anwani katikati ya safari, awaandikie siku hiyohiyo akitaja namba ya faili. DD 215 ikifika, ibanwe nyuma ya DD 214 yake, kwa sababu ile ya zamani haibadilishwi, zinasomwa pamoja. Atengeneze nakala tano za jozi hiyo kabla hajaipeleka ofisi yoyote.